Bomba jeusi na jivu la mama mkwe

Bomba la jikoni kwangu lilikuja Singida kwa basi, ndani ya boksi, kutoka duka moja la Arusha ambalo mke wangu alilikuta kwenye simu. Alilitazama bomba hilo kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi wakati wa uchumba, na nilimwambia hivyo. Lilikuwa jeusi tititi, weusi usiong'aa hata ulimulike tochi, na shingo yake ndefu ilipinda juu ya sinki. Fundi bomba alilitoa kwenye boksi, akaligeuza huku na huku, kisha akanivuta pembeni.

"Mzee, mna hakika halijaungua hili?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mke wangu hakucheka. Alisema mabomba ya kung'aa yamejaa kila mahali, hata kwenye gesti za stendi yapo, na kwamba siku nitakayojua kusonga ugali ndiyo siku atakayoniomba maoni kuhusu jiko. Mimi kazi yangu ni kupima mizigo kwenye kinu cha kukamulia alizeti. Nikirudi nyumbani nanuka mashudu, na mtu anayenuka mashudu hana sauti kubwa katika mambo ya urembo.

Maji ya kwetu Mwankoko yana chumvi. Tone likikauka linaacha doa jeupe. Kwenye bomba la kung'aa hulioni, lakini kwenye jeusi linaonekana toka mlangoni. Kwa hiyo mke wangu alikata fulana yangu moja, ambayo nilikuwa bado naivaa, akaitundika kwenye msumari kando ya sinki, na kila aliyefungua maji alitakiwa alifute bomba akimaliza. Binti yetu alijua kulifuta kabla hajajua kusoma. Sheria ilikuwa moja: hili linafutwa, halisuguliwi. Waya marufuku, mchanga marufuku, sabuni ya unga marufuku. Wageni waliojitolea kuosha vyombo walisomewa sheria hiyo kabla hawajakunja mikono ya nguo. Jirani yetu, ambaye alikuwa rafiki mkubwa wa mke wangu, kila akija aliuliza kwanza, "Mgonjwa wako ameamkaje?" akimaanisha bomba.

Kisha mke wangu akafa. Presha ilimpanda mchana akiwa anaanua nguo, na kabla jua halijazama hatukuwa naye. Sina zaidi ya hapo. Si kwamba naficha, ila siku zile nazikumbuka kwa mikono na miguu tu: nilishika mikono ya watu, nilisimama, nilikaa nilipoambiwa nikae. Watu walisema najikaza. Sikujikaza. Mguu ukiukalia vibaya unakufa ganzi, unaugusa na unajua ni mguu wako ila hausikii kitu. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Nilikula nikiwekewa. Nilirudi kinuni, nikapima magunia, na vipimo vilikuwa sawa. Nilimpenda yule mwanamke, hilo nalijua kama ninavyoijua njia ya kwenda kazini, lakini wakati ule sikulisikia popote.

Bomba nalo nikaishi nalo hivyo hivyo. Nilifungua, nilifunga. Kulifuta, sikulifuta. Fulana kwenye msumari ilikauka ikawa ngumu, na chumvi ikaanza kupanda shingoni mwa bomba, kwanza madoa, baadaye ukoko. Asubuhi nilisimama pale na kikombe mkononi, nikautazama ule ukoko, nikaona ni ukoko.

Tulipomaliza matanga, wazee wa upande wa mke wangu waliniita. Kwao ni upande wa Itigi, wakulima na watu wa mizinga ya nyuki. Mjomba wake ndiye aliyesema, kwa upole kabisa.

"Baba, mtoto wa kike na mwanaume peke yake ndani ya nyumba, haiendi. Mtoto aje kwa bibi yake, akulie huko. Wewe utakuja kumwona."

Hawakuwa na ubaya. Ndivyo inavyofanyika, na angekuwa mtoto wa mtu mwingine ningesema vilevile. Niliwasikiliza mpaka mwisho, kisha nikasikia sauti yangu inasema kwamba mtoto asihame, bibi aje yeye akae kwangu.

Kwao mama mkwe na mkwe hawaonani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia vichakani mpaka mwenzake apite. Hawali pamoja, hawapeani kitu mkononi, na mkwe hakanyagi jiko ambalo mama mkwe yumo. Sasa mimi nataka mama mkwe ahamie kwangu, chini ya paa langu. Mjomba aliniuliza kama nimekunywa kitu. Lakini mama mwenyewe, kutoka upande wa pili wa ukuta walikokaa wanawake, akasema atakuja. Atajaribu. Akishindwa atarudi kwake na mtoto, na mimi nisiseme neno. Nikakubali. Bibi akikaa, binti yangu anabaki. Bibi akiondoka, binti yangu anakwenda naye.

Alikuja na kuku, dumu la asali, na mfuko wa jivu. Alikuwa amesikia kwamba kwa binti yake wanapikia gesi, na kwa kuwa gesi haina jivu, alitaka kujua vyombo tunasugulia nini. Jirani alimpokea mzigo akasema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi wakati huo nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba, nimegeukia mawe, nikisubiri apite mlango mkubwa.

Nyumba yangu ni ndogo, haikujengwa kwa heshima za namna hiyo. Nilianza kupiga hodi kwangu mwenyewe. Nikitaka kupita kwenye korido nilikohoa kwanza, nikasubiri nisikie kanga inapita na mlango unafungwa, ndipo nikaenda. Nilikohoa sana hata kinuni wakaniuliza kama nimepimwa kifua. Uso wake siujui vizuri mpaka leo. Ninachokijua ni visigino vyake na mwendo wake. Asubuhi nilisimama upande wangu wa ukuta nikasema, "Shikamoo mama," na ukuta ukanijibu, "Marahaba baba." Mambo mengine yote yalipita kwa mtoto, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza na aliipenda kazi hiyo kuliko shule.

"Baba, bibi anauliza mlenda umezidi chumvi?"

"Mwambie haujazidi."

Anakimbia, anarudi. "Anasema mbona umebakiza?"

"Mwambie nimeshiba."

"Anasema mtu mzima hashibi hivyo."

Nilimaliza ule mlenda. Binti yangu alinenepa. Nywele zake, ambazo mikononi mwangu zilikuwa zimefika mahali pa kutisha, zikasukwa. Akaanza tena kucheka peke yake akiwa anaoga. Nilijua kwamba hilo ni jambo jema, nikajiambia ni jema, nikaenda kazini.

Na vyombo viling'aa. Mama mkwe alisugua kila sufuria aliyoiacha binti yake, kwa jivu lake na waya, na kuzipanga kwenye kichanja nje zikiwa zimefunikwa kifudifudi, matako juu, yanang'aa mpaka barabarani. Mtoto alinieleza, kwa sauti ya bibi yake, kwamba mwanamke anasomwa kwenye tako la sufuria. Zamani bibi arusi akianika sufuria yenye masizi, mpita njia ataifahamu nyumba ile na ataipeleka habari yake mbele. Watu walipita kwetu wakasifu. Walimsifu bibi, lakini yeye aliwajibu kila mara kwamba ni vyombo vya mwanawe, yeye anavisogeza tu.

Siku mambo yalipogeuka nilirudi kutoka kinuni jioni, jua bado lipo. Binti yangu alinikuta getini, mikono yake ya kijivu mpaka kwenye viwiko.

"Baba! Bibi amelitakatisha bomba!"

Nilikohoa kwenye korido. Kanga ikapita, mlango wa nyuma ukafungwa. Nikaingia jikoni.

Alikuwa amelisugua kwa nguvu zote za mikono yake. Sehemu ya mbele yote, kuanzia koki mpaka mdomo, weusi ulikuwa umetoka na shaba imejitokeza, ya njano, yenye mikwaruzo ya duara duara. Chumvi nayo imekwenda. Nyuma ya shingo na kule chini ambako waya haufiki vizuri, weusi ulikuwa umebaki kwa mabaka. Ndani ya sinki kulikuwa na maji ya jivu. Fulana ya kwenye msumari ilikuwa imefuliwa na kukunjwa.

Nilielewa mara moja. Mama mkwe alikaa na lile bomba wiki baada ya wiki akiliona jeusi, lina ukoko, katikati ya jiko la mwanawe, na hakuwahi kuona kitu cha jikoni kilicho cheusi ambacho si masizi. Alidhani ni sisi. Alidhani nyumba yenye msiba imeacha bomba lishike masizi mpaka likageuka, na akaogopa kwamba mtu akiingia atasema binti yake alikuwa mchafu. Hakutaka marehemu asomwe vibaya.

Nilisimama pale nikitafuta hasira. Kilikuwa kitu alichokichagua mke wangu kwa macho yake, alichokipigania, alichokifuta kila siku. Nilijua hapa mtu anakasirika. Nikatafuta, sikupata kitu. Nilifungua maji, yakatoka. Nikafunga.

"Mama alisema hili halisuguliwi," binti yangu akasema kwa sauti ndogo. Hakuwa na furaha tena. "Nilimwambia bibi linafutwa tu. Akasema ndiyo, tulifute vizuri."

"Nyamaza. Usimwambie bibi kitu chochote. Umesikia? Mwambie baba anasema ahsante, limetakata."

Akaenda. Nilimsikia nje akilifikisha neno langu, na bibi akajibu kwa lugha yao, neno refu la furaha. Jioni ile nililetewa kuku.

Ningeliacha hapo na lingekwisha. Bomba la rangi mbili ni bomba pia, maji hayaulizi. Lakini kesho yake jirani alikuja kurudisha chekecheo, akaingia jikoni moja kwa moja kama alivyozoea enzi za rafiki yake. Mimi nilikuwa chumbani nabadilisha shati, nilisikia yote.

"Mama! Mmelifanya nini bomba la marehemu?"

"Nimelisugua. Lilishika masizi."

"Masizi ya wapi, mama? Si ndivyo lilivyonunuliwa! Jeusi hivyohivyo! Alilitoa Arusha, akawa analifuta kama mtoto mchanga!"

Hakusema kwa ubaya, yule jirani. Mdomo wake ulitangulia. Kisha naye akasikia alichokisema, akaanza kulia, akalia kwa sauti, akimlilia rafiki yake mbele ya sinki.

Jioni hiyo chakula kilikuja, lakini nilipotoa salamu yangu ukuta haukujibu. Binti yangu aliingia akasimama mbele yangu na mikono nyuma.

"Bibi anasema kesho asubuhi mimi na yeye tunapanda basi la Manyoni, tunakwenda Itigi. Anasema amekuharibia kitu cha mama. Anasema hawezi kulala kwenye nyumba ya mkwe aliyemharibia."

"Mwambie bibi sijakasirika."

Alikwenda, akarudi. "Anasema anajua hutasema umekasirika."

"Mwambie bomba ni bomba tu, litanunuliwa lingine."

Alikwenda, akarudi. "Anasema hilo unalisema kwa heshima."

Nilimtuma tena na tena. Nilisema yaliyopita si ndwele, nilisema jiko ni lake, nilisema hata mimi lile bomba sikuwahi kulipenda, na hilo lilikuwa kweli. Kila nilichosema kilirudi na jibu lilelile. Ningemtukana labda angeniamini, lakini mkwe hamtukani mama mkwe, ndiyo maana maneno yangu mazuri hayakuwa na kazi. Ilikuwa heshima yetu wenyewe iliyotufunga midomo. Mwishoni mtoto alikuwa amechoka kukimbia. Akaniuliza kama Itigi kuna shule, na kama daftari zake azibebe zote au zile ambazo hazijaisha tu.

Hapo niliogopa. Naliandika lilivyokuwa: niliogopa mpaka nikalazimika kushika ukingo wa kiti. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia tangu tulipotoka makaburini, na sikukifurahia. Nilimwambia abebe zote. Nilikuwa nimeahidi mbele ya wazee kwamba sitasema neno.

Asubuhi kulikuwa na ule upepo wetu wa baridi, unaopita chini ya milango. Nilikaa kitandani nimevaa tayari kwenda kinuni. Nilisikia mwiko kwenye sufuria, bibi anakoroga uji wa safari. Nilisikia viatu vya binti yangu kwenye sakafu, vile vya kanisani, ambavyo siku zingine alivivaa kwa safari tu. Mfuko ulivutwa kwenye korido. Nilikaa nikihesabu vitu ambavyo mtu aliyeahidi kunyamaza bado anaruhusiwa kufanya.

Kisha niliinuka nikaenda jikoni, na sikukohoa.

Alikuwa kwenye jiko la gesi. Aliniona, akashtuka, akavuta kanga ikafunika uso wote, akageukia ukuta na mwiko mkononi. Binti yangu alikuwa mlangoni na mfuko wake, ametoa macho. Hata yeye alijua kwamba hili halifanyiki. Mtu mzima wa umri wangu, nimemvamia mama mkwe jikoni asubuhi, uji uko motoni. Nilimpa mgongo kabisa, nikasimama kwenye sinki nikitazama dirisha.

Kibakuli cha jivu kilikuwepo pale kando, na waya ndani yake. Nikalowesha waya, nikauchovya kwenye jivu, nikaanza kulisugua bomba nyuma ya shingo, pale palipobaki weusi.

Rangi ile ilikuwa imeshika. Nilisugua kama ninavyosukuma magunia, kwa bega. Maji yalikuwa ya baridi kali, na jivu liliingia kwenye mikwaruzo ya vidole vyangu likaniunguza, nikalisikia kila lilipoingia. Weusi wa mke wangu ulitiririka kwenye sinki, mstari mwembamba, ukazama. Moyo uliniuma. Uliniuma vibaya sana, na nikaendelea kusugua. Nyuma yangu uji ulianza kutokota, ukatokota zaidi, kisha nikasikia gesi inazimwa. Nilidhani sasa anatoka.

"Baba," sauti ya mama mkwe ikasema, si kutoka ukutani, bali pale pale nyuma ya bega langu. "Chini ya mdomo bado."

Niliinama nikaangalia. Kweli, palikuwa bado. Nikapeleka waya pale, machozi yakinitoka na jivu likiniingia machoni, nikasugua.

Nikamsikia anageuka kumwelekea mtoto.

"Na wewe vua hivyo viatu," alisema. "Uji unapoa."